Katibu Aliyeuliza Polepole

Ninyi vijana mtakaosoma haya, kaeni vizuri kwanza. Simu wekeni chini. Mimi nilisoma mpaka darasa la nne, kwa hiyo msitafute hapa maneno ya kupamba. Nataka kuwaeleza habari za mtu mmoja niliyemwogopa kuliko fisi na simba, na simba nimewasikia wakinguruma tangu nilipoolewa huku Serengeti, maana hifadhi iko jirani na maboma yetu. Mtu huyo hakuwahi kunipandishia sauti. Hakunitukana wala kunitisha na polisi. Aliuliza maswali tu, tena polepole.

Jina lake sitalitaja. Sote tulimwita Katibu. Alikuwa katibu wa kanda wa chama cha michezo cha shule binafsi, kile cha nchi nzima, ambacho kila mwaka kinawakusanya watoto wa shule hizo wakimbie, wacheze mpira na kurusha mkuki, halafu wanaoshinda wanakwenda kwenye michezo ya taifa. Mimi nilikuwa mpishi wa shule moja ya namna hiyo. Kwa kuwa uwanja wetu ni tambarare, watoto wa kanda walipiga kambi kwetu, na chakula chao kilitoka kwenye jiko langu. Ndivyo nilivyomfahamu mtu huyu. Mpishi anamjua mtu kwa namna anavyopokea sahani.

Yeye alipokea kwa mikono miwili. Asubuhi uji wa ulezi bila sukari, mchana ugali wa muhogo na maharage yaleyale ya watoto. Walimu walimwandalia nyama ofisini, akakataa. Kwa miaka yote hiyo sikumwona akiingia ofisi ya mkuu wa shule hata mara moja. Mkuu alikuwa anatoka na kumfuata nje kama mtu anayefuata kuku wake. Katibu alibeba benchi mwenyewe, akaliweka ubavuni mwa jiko langu, upande moshi usikokwenda, akakaa na faili lake la kijani lililofungwa kwa ukanda wa mpira wa baiskeli.

"Ofisini mtoto anasema alichofundishwa," alituambia. "Hapa jikoni ananusa chakula, anajisahau."

Kazi yake ilikuwa umri. Michezo ile inapangwa kwa umri, wadogo na wadogo wenzao, wakubwa na wakubwa wenzao, na ninyi mnajua shule zinavyopenda vikombe. Wanaletwa vijana wenye ndevu zilizonyolewa asubuhi hiyohiyo, wamevaa kaptula, wanaambiwa waseme wana miaka kumi na minne. Walimu wengine wanaokagua wanafungua midomo ya watoto na kutazama meno. Katibu hakufanya hivyo. "Mimi sinunui ng'ombe," alisema.

Na kweli asingeweza kununua, maana aliwaogopa. Hili liliwachekesha watu mno. Mwanamume mzima, mzaliwa wa huku kwetu, tena mwenye mvi, akiona ndama anavuka barabara anasimamisha bodaboda na kumwambia dereva, "Subiri kwanza." Mguu wake wa kushoto ulikuwa umepinda kidogo chini ya goti. Watu walisema dume lilimkanyaga zamani, wakati yeye mwenyewe ni mkimbiaji. Nilimuuliza siku moja kama ni kweli. Akanijibu, "Mama, leo maharage yameiva vizuri." Nikaelewa kwamba wa kuuliza ni yeye, wa kuulizwa ni sisi.

Alianza hivi kila mara. Mtoto anakuja na cheti cha kuzaliwa mkononi. Katibu anapokea kile cheti, anakilaza kwenye faili bila kukisoma, anasema, "Kaa. Usiogope. Nitakuuliza polepole." Nawaambieni, neno lile "polepole" ndilo lililokuwa linawatoa watoto jasho. Mtu anayekuuliza haraka unaweza kumpita. Huyu alikusubiri.

Nitawapa mfano, mcheke kidogo, maana baadaye hamtacheka. Ilikuja timu ya mpira kutoka shule moja ya upande wa Tarime, vijana wana vifua kama milango. Katibu akamwita golikipa. Hakumuuliza amezaliwa lini. Akaanza habari za nyumbani kwao, mvua, mahindi. Halafu akasema, kama mtu anayepiga soga tu, "Wewe umeshatahiriwa, au bado ni mtoto?"

Sasa ninyi mliozaliwa mjini hamwezi kujua uzito wa swali lile. Kijana wa Kikurya unaweza kumwambia adanganye jina, adanganye shule, adanganye hata baba yake. Lakini kumwambia mbele ya wenzake aseme kwamba hajatahiriwa! Yule golikipa akanyoosha shingo, akamwita baba kwa Kikurya.

"Nimetahiriwa, Tata. Na sikupepesa jicho."

"Nilijua. Uso wako unaonyesha. Ulisimama na nani?"

Hapo ndipo pabaya zaidi, kwa sababu mwenzako mliyesimama naye siku moja, damu ikamwagika pamoja, huwezi kumkana. Ni aibu ya maisha.

"Nilisimama na Marwa."

"Marwa yupi? Kina Marwa ni wengi kama mawe."

"Marwa wa Kisaka, mwenye bodaboda nyekundu."

"Huyo aliyenileta leo?" Katibu akageuza kichwa. Bodaboda nyekundu ilikuwa palepale, na Marwa mwenyewe alikuwa anakunywa uji wangu. "Marwa, watoto wako hawajambo?"

"Hawajambo, Katibu. Wa kwanza ameanza darasa la pili."

Watu walicheka mpaka mwalimu mmoja akaketi chini. Golikipa naye alicheka, masikini, hakujua bado. Katibu peke yake hakucheka. Alifungua faili, akaandika mstari mmoja, akafunga ule mpira wa baiskeli. Mchana timu nzima ilipanda gari kurudi kwao, hata wale watano ambao umri wao ulikuwa sahihi. Walilia kama watoto wadogo. Niliwafungia makande kwenye ndoo wale njiani. Katibu aliniona nikifunga, akaja akashika ndoo upande mmoja tukaipeleka kwenye gari pamoja. Hakusema pole. Alisema, "Sheria inasema timu nzima."

Huyo ndiye mtu. Mwaka mwingine alimwondoa msichana mmoja aliyezidi miezi michache tu, halafu akakaa naye kwenye benchi kutwa nzima mpaka shangazi yake alipofika kumchukua. Walikula sahani moja. Nilimsikia akimwambia, "Mbio zako hazina kosa. Karatasi yako ndiyo ina kosa." Na kesho yake asubuhi akaondoa wengine wawili.

Kwa wasichana alikuwa na swali lake. Alijua hawezi kuwauliza kama wavulana, na hakutaka. Aliwauliza, "Nyumbani ulimbeba nani mgongoni?" Basi. Msichana wa kijijini lazima amebeba mtu. Akisema nilimbeba mdogo wangu fulani, Katibu anauliza huyo mdogo yuko darasa la ngapi, ameota meno mangapi, amezaliwa kabla au baada ya ukame mkubwa. Akimaliza anajua umri wa aliyebebwa, na kutoka hapo anahesabu umri wa aliyebeba. Hakuna mwalimu aliyewahi kumfundisha mtoto kujibu swali hilo vibaya, kwa kuwa hakuna aliyeona kwamba ni swali.

Mimi niliona. Nilipolisikia mara ya kwanza, nikiwa nimeinama kwenye moto, niliungua mkono na sikuhisi.

Sasa nitawaambia kwa nini.

Binti yangu alizaa watoto wawili wa kike. Mkubwa ni Bhoke. Mdogo aliitwa Robi. Walipishana miaka miwili na miezi kadhaa. Baba yao alikwenda machimboni, habari zake zikaishia huko. Binti yangu akapata mume mwingine ng'ambo ya mpaka, kupita Sirari, akaniachia watoto na kuondoka. Bhoke, akiwa mwenyewe bado anakojoa kitandani, ndiye aliyembeba Robi mgongoni mimi nikiwa shambani. Alimfunga kwa kanga yangu, miguu ya Robi ikawa inaburuzika. Masika moja Robi akashikwa na homa. Tulipofika hospitali Mugumu alikuwa ameshapoa. Tulimzika nyuma ya ghala.

Bhoke alipotakiwa shule, wakataka cheti cha kuzaliwa, na ili kupata cheti wakataka kadi ya kliniki. Nilitafuta ndani ya boksi. Kadi ya Bhoke mama yake aliondoka nayo kwenye begi, labda ilikuwa katikati ya nguo. Iliyobaki ilikuwa ya Robi. Nilikaa nayo siku mbili. Mama ni yuleyule, baba ni yuleyule, zahanati ni ileile. Nikajiambia karatasi ni karatasi, mtoto asome. Nikaipeleka. Karani akaandika alichokiona. Nikarudi nyumbani na cheti cha mtoto aliyekufa, kwa ajili ya mtoto aliye hai.

Siku hiyo niliwakusanya watu wa mji wangu, mwanangu na mkewe Gati na wajukuu wote, nikawaambia, "Kuanzia leo huyu anaitwa Robi. Anayemwita Bhoke hali ugali wangu." Niliogopa mtoto atajikwaa shuleni. Wajukuu wengine walisahau haraka, watoto ni watoto. Bhoke mwenyewe alinitazama, akauliza, "Na Robi ataitwa nani?"

Nikamwambia anyamaze.

Kumbe mtoto yule ana mbio. Sikujua. Akitumwa dukani anarudi chenji bado ina joto la mkono wa muuzaji, ndivyo Gati alivyokuwa anamtania. Mkuu wa shule yangu alimwona siku moja akinifuata jikoni, akamwambia asome pale bila ada, mradi akimbie. Nilifurahi. Nilikuwa mpishi mwenye mjukuu sekondari. Nikasahau kwamba karatasi yake inamtaja kuwa mdogo kuliko alivyo, na kwamba sasa karatasi hiyo itashindanishwa na watoto wadogo kweli.

Mwaka wake wa kwanza mvua ilinyesha sana, Katibu akamaliza muda wake wote kwa wavulana, wasichana wakapitishwa kwa vyeti tu. Bhoke akakimbia mita elfu moja na mia tano na wadogo. Aliwaacha mbali, ikawa kama anakimbia peke yake. Halafu kipaza sauti kikatangaza mshindi.

Nawaambieni ukweli, sikushangilia. Jina la Robi lilitoka kwenye kipaza sauti likaenea uwanja mzima, likapita juu ya mabati ya shule, likaenda mpaka milimani. Mara ya pili. Mara ya tatu, aje achukue kikombe. Mwili wangu ulipoa palepale kwenye jua. Sisi wengine tunakwenda kanisani Jumapili, lakini kuna mambo hayatoki mwilini. Mtoto aliyelala haitwi kwa kelele namna ile mbele ya watu, akiitwa kwenye kikombe asichokishinda. Nilimwona Bhoke akisimama pale mbele. Alichelewa kwenda. Aliangalia nyuma yake kwanza, kana kwamba kuna mwingine anayekuja.

Kikombe kiliwekwa kwenye kabati la kioo. Leo mkienda mtaona hapo pana nafasi tupu.

Kuanzia hapo nikawa naishi kwa kuhesabu. Nilihesabu miezi mpaka michezo mingine. Nikisikia bodaboda naangalia kama kuna faili la kijani. Usingizi ukapungua, mwili nao ukapungua, Gati akasema, "Mama, unaumwa?" Nikamjibu vibaya. Niliwaza kwamba akigundua, shule itaondolewa michezoni mwaka mzima, watoto wa watu watarudishwa kama wale wa mpira, na mjukuu wangu atafukuzwa mbele ya macho yangu, nami nikiwa nimeshika mwiko.

Mwaka wa pili hapakuwa na mvua.

Nilimwona akikaa kwenye benchi. Nilikuwa natengeneza maharage. Alimwita kwa jina la cheti na Bhoke akaja, miguu mirefu, soksi zimeshuka.

"Shikamoo, Katibu."

"Marahaba. Kaa. Usiogope, nitakuuliza polepole. Unaishi na nani?"

"Na bibi. Ndiye yule anayepika."

Katibu akanitazama. Nikainamisha kichwa kwenye sufuria.

"Nyumbani ulimbeba nani mgongoni?"

Niliacha kukoroga. Moto ulikuwa unalia chini ya sufuria, na mimi nilikuwa naomba sijui kwa Mungu au kwa wazee wangu, mtoto aseme sikumbeba mtu. Neno jepesi. Sikuwahi kumfundisha.

"Nilimbeba mdogo wangu," akasema.

"Yuko darasa la ngapi?"

"Alikufa. Tulimzika nyuma ya ghala."

"Pole, mwanangu. Alikuwa anaanza kutembea?"

"Alikuwa anakimbia. Alinishinda mpaka kwenye ghala. Nilimwacha anishinde."

Sasa nikajua linalofuata. Anaitwa nani? Swali lake la nne siku zote lilikuwa jina. Bhoke alijua pia, alikuwa amekaa jikoni pale miaka akisikiliza wenzake. Nilimwona amekunja vidole vya miguu ndani ya raba. Machozi yalimjaa lakini hayakudondoka. Akafungua mdomo.

Katibu akafunga faili. Kwa sauti ya juu, ambayo hakuizoea, akamwita mwalimu wa michezo. "Huyu atakimbia na wakubwa."

"Katibu! Cheti kinasema miaka kumi na minne."

"Nimeona cheti. Mwaka jana amewaacha wadogo mbali, hana wa kushindana naye huko. Mpandishe."

"Lakini hiyo siyo..."

"Mpandishe, mwalimu. Au nimuulize swali lingine?"

Mwalimu wetu hakujua lolote, alidhani anatishiwa tu. Akakubali. Shule nzima ikasema Katibu ana chuki na sisi. Mkuu akasema amehongwa na shule nyingine. Mimi nilikuwa nimeketi juu ya gunia la mahindi, na sikuelewa alichofanya. Nilielewa polepole, siku nyingi baadaye, msiniulize lini. Alikuwa amempeleka mtoto kwa wasichana wa umri wake wa kweli, na kuliacha jina lilipo.

Bhoke akawa wa tano siku hiyo. Mkuu akaniambia, "Mama, asipoleta kitu mwakani, nafasi yake tutaiangalia upya." Kwa hiyo woga wangu haukuisha, ulibadili upande. Mtoto akawa anakimbia asubuhi na jioni kwenye barabara ya vumbi, baiskeli zinampisha, mwaka uliofuata akawa wa tatu. Nafasi ikabaki. Na kipaza sauti kikaita tena lile jina.

Kila mara kambi ilipovunjwa, Katibu alirudisha sahani yake jikoni akiwa ameiosha, akasimama mlangoni.

"Mama, kuna kitu?"

"Hakuna kitu, Katibu."

"Haya. Mwakani."

Miaka miwili aliniuliza hivyo. Nilimchukia. Nawaambia wazi nilimchukia, kwa sababu alijua na hakunipiga. Mtu akikupiga yanaisha. Huyu alikuwa anasubiri, na mimi nilikuwa nabeba sufuria zangu nikijua yuko mahali fulani kule, anasubiri. Wakati mwingine nilitamani apate ajali ya bodaboda. Mungu anisamehe, nilitamani.

Mwanzoni mwa mwaka huu tukasikia amepumzishwa, mguu umemzidi, chama kimemweka kijana mwenye kompyuta. Walimu wakashangilia. Mimi nilichinja kuku. Watu wa mji wangu walikula kuku siku ya kazi bila kujua sababu.

Wiki ya tatu baada ya kuku huyo, Jumamosi saa nne asubuhi, bodaboda nyekundu ikasimama nje ya uzio. Nilikuwa napukuchua mahindi na Gati. Bhoke alikuwa anafua sare za shule. Nikasikia sauti.

"Hodi! Hao ng'ombe wamefungwa?"

Gati akacheka. "Karibu, Katibu! Huyo ni ndama tu."

"Ndama ana mama yake. Mama yake yuko wapi?"

"Yuko malishoni."

"Una hakika, mama? Umemwona akienda?"

Marwa, dereva wake, alikuwa anacheka amelalia usukani. Gati akamfukuza ndama kwa kanga, ndipo mzee akaingia na fimbo, anachechemea. Hakuwa na faili. Mikono yake bila lile faili ilionekana midogo, kama ya mtu mwingine. Nilimpa kigoda. Nikamletea uji bila sukari. Akapokea kwa mikono miwili, akanywa wote, akaweka kikombe chini.

"Mama, siku ile kwenye benchi sikumuuliza mtoto jina la mdogo wake. Unajua kwa nini?"

Nikaokota hindi jingine.

"Kwa sababu angelisema. Yule mtoto hajui kudanganya. Wewe umemfundisha kunyamaza tu."

Gati aliacha kupukuchua. Nilimwambia kwa macho aondoke, hakuondoka.

"Nilingoja uniambie wewe," akaendelea. "Nikaona wewe ni mgumu kuliko mimi. Sasa muda umekwisha. Yuko kidato cha nne. Mwisho wa mwezi majina ya mtihani yanapelekwa, na jina likishatoka kwenye cheti cha kidato cha nne ndilo atakalozikwa nalo. Ataolewa nalo. Watoto wake wataliandika kama jina la mama yao."

"Akifukuzwa je?" Nilisema kwa hasira. "Wewe utamsomesha?"

"Sina uwezo. Na sikuahidi kitu. Kile kikombe cha wadogo kitarudi, kina mwenyewe. Nitaandika barua mimi, nitasema na mimi nilijua nikanyamaza. Mkuu atakasirika. Anaweza kumfukuza." Akatazama fimbo yake. "Mimi nilipunguzwa miaka mitatu na mwalimu wangu ili niingie shule. Nimefanya kazi nayo mpaka nikastaafu. Hakuna ofisi niliyoingia bila kudhani leo ndiyo leo, leo wataniuliza. Mpaka leo barua ya serikali ikija anaifungua mke wangu. Ninyi mliniogopa. Mimi nilikuwa nakaa jikoni kwako kwa woga."

Nilimtazama mtu huyu niliyemtakia ajali.

"Kwa hiyo nitakuuliza polepole," akasema, "halafu naondoka, maana ng'ombe watarudi. Mama, nyuma ya ghala ulimzika nani?"

Bhoke alikuwa amesimama na sketi ya shule mkononi, maji yanamchuruzika miguuni. Hakusogea. Miaka yote hiyo nilikuwa nimelitamka jina lile kila siku, njoo ule, kateke maji, na hata siku moja sikuwa nimelitamka kwa mwenyewe.

"Robi," nikasema. "Nilimzika Robi."

Katibu akaitikia kwa kichwa. Hakuandika popote. Aliinuka kwa shida, akasema Jumatatu saa mbili atakuwa mlangoni pa ofisi za halmashauri Mugumu, tule kiapo, tuanze upya na kadi au bila kadi. "Nitaingia na wewe ndani," akasema. "Utanishika mkono, maana ofisi naziogopa." Kisha akamtuma Gati aangalie kwanza njia kama iko wazi.

Bodaboda ilipokwisha kuondoka nilibaki na mahindi mapajani. Nilikuwa bado naogopa. Niliogopa mkuu wa shule, niliogopa kiapo, niliogopa Jumatatu. Lakini niliinuka nikawaita wote, mwanangu kutoka zizini, Gati, wajukuu wakubwa kwa wadogo. Nikawasimamisha nyuma ya ghala, pale pale. Wakajipanga. Bhoke alikuja wa mwisho, bado ameshika sketi.

Nikawaambia: "Robi amelala hapa. Asiitwe tena, aachwe apumzike. Huyu aliyesimama ni Bhoke. Kuanzia sasa, anayemwita kwa jina lingine hali ugali wangu. Haya, Gati, anza wewe. Mwite."